Ulimsamehe Ukiwa Mbali

Mama yangu mzazi,

Shikamoo, na heshima yako ipo pale pale, ingawa leo itabidi uitafute katikati ya maneno. Natumaini goti limepungua kuuma na kwamba ile dawa ya kuchua niliyokutumia hukuigawa kwa majirani. Huku sote tu wazima wa mwili. Wajukuu zako wanakusalimu. Yule mkubwa ameanza kuota ndevu na kila asubuhi tunamngoja mlangoni mwa bafu kama tunamngoja waziri. Mkweo naye anakusalimu. Siku hizi mimi na yeye tunaongea habari za chumvi na funguo tu, lakini salamu zako hakuzisahau.

Barua yako nimeipata. Umeandika kwamba umesikia karakana yetu ya samani iliungua, kwamba mkweo ameondolewa usimamizi, kwamba Dereva ameacha kazi, na kwamba wewe huhitaji kuambiwa ni mkono wa nani. Umesema chuki yangu hatimaye imezaa. Halafu ukanipangia sifa za Mkristo anayempendeza Mungu, moja moja, kama unavyompangia mtoto nguo za shule kitandani: upole, uvumilivu, kunyamaza unapokosewa, na juu ya zote msamaha. Ukamaliza kwa kuniuliza kama ninayo hata moja.

Nakujibu, Mama. Karakana haijafunguliwa na kalamu ina wino.

Wewe ulimsamehe Dereva ukiwa mbali. Hilo nimelibeba muda mrefu na leo nalitua. Lori la mbao liliporudi nyuma likambana mdogo wangu ukutani, wewe uliletewa habari ukiwa umezungukwa na wanawake wa kanisa, huku na huku, wamekushika mikono. Mimi ndiye niliyeitwa kwenda kumtambua. Kitinda mimba wako, Bwana Kesho wetu, ambaye kila kazi uliyompa aliiahidi kesho, nilimtambua kwa soksi. Dereva alifungwa, akatoka, akaja kanisani kwako ameokoka. Ukasimama mbele ya watu wote ukamkumbatia. Kwaya ikaimba, watu wakalia, mchungaji akakufanya mfano wa miezi mingi. Nakubali kwamba ilikuwa siku kubwa. Lakini baada ya hapo ulirudi nyumbani kwako ukafunga mlango, naye ukamtuma kwangu.

Hukuniuliza. Ulimwandikia mkweo kwamba kijana anatafuta kazi na hakuna anayemtaka. Mkweo akaja kuniambia, "Mama ameomba," kwa sauti ya mtu anayekuambia kwamba mvua imeshanyesha na nguo zimeshalowa. Kesho yake nikakuta aliyeua ndugu yangu anapiga msasa chini ya dirisha langu.

Unajua ninapokaa kazini, ulishafika. Cherehani yangu iko dirishani, nashona vitambaa vya makochi, na nje ni pale penye bomba la maji na kivuli cha kupigia msasa. Basi siku nzima alikuwa mbele ya macho yangu. Anaimba pambio puani, hajui ubeti wa pili, anarudia wa kwanza. Anakunywa chai ya saa nne mpaka mwisho, anatikisa kikombe, anaangalia kama kimebaki kitu. Wewe ulimsamehe mtu uliyemkumbatia mara moja. Mimi nilitakiwa nimsamehe mtu anayetikisa kikombe kila siku, wakati mdogo wangu hanywi tena chai.

Sikumsamehe. Akinisalimia nilikuwa nauma uzi. Akinisogezea kigoda nilisimama. Wenzangu walipochanga chakula cha mchana na zamu ya kupakua ikawa yangu, sahani yake niliiruka, mpaka mwingine akainuka kumpakulia. Niliigeuza cherehani ikaelekea dirishani, watu wakadhani natafuta mwanga. Nilikuwa natafuta kosa. Nilitaka siku atakapokuja na harufu ya pombe, au atakapotia msumari mfukoni, niwe wa kwanza kuona. Hakuja na harufu. Hakuchukua hata msumari uliopinda. Hilo nalo lilinichosha.

Mkweo ndiye aliyekuwa anaongoza sala ya asubuhi kabla ya mashine kuwashwa. Alimshika Dereva bega mbele ya watu, akamwita ndugu yetu, na watu wakamsifu sana kwa moyo huo. Kila asubuhi aliwaombea wenye mioyo migumu, jicho moja limefumbwa, jingine liko kwangu. Mama Mbao mwenyewe, mwenye karakana, mjane asiyecheka na mtu, aliwahi kusema kwamba msimamizi wa namna ile hapatikani. Mimi nikawa ndiye doa la karakana. Nilijua, na sikujali.

Sasa nakuja kwenye moto. Mkweo anajua kwamba nakuandikia. Nilimwambia nitayaandika yote, akaniletea karatasi hizi.

Tulikuwa tumepewa kazi ya mabenchi ya kanisa jipya. Yaliyokwisha kupakwa vanishi yalipangwa stoo yakauke, pamoja na sponji zangu na makopo ya thina ya kuyeyushia vanishi. Mchana watu walitoka kula. Mimi nilibaki dirishani kwa sababu Dereva alibaki bombani. Alikuwa anaosha brashi za vanishi, moja baada ya nyingine, anazikamua kwa vidole na kuzipanga ukutani. Mkweo alipita na sufuria ya gundi, akaingia stoo, hatua chache kutoka bombani, kuipasha kwenye lile jiko dogo la umeme. Simu ikaita. Akatoka nayo sikioni, anacheka na mteja, akavuka geti akaenda kusikiliza vizuri barabarani. Sufuria ilibaki ndani. Dereva aliendelea na brashi zake. Hata moshi ulipoanza kutoka chini ya mlango wa stoo, mikono yake ilikuwa kwenye maji, na yeye ndiye aliyekimbia na ndoo ya kwanza. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Mabenchi yote yalikwisha, na sponji, na nusu ya paa.

Kesho yake Mama Mbao alituweka kwenye uwanja wa mbao, akaketi kwenye gogo mbele yetu. Alisema hataki hotuba, anataka aliyeingia stoo mwisho. Watu wakaangalia chini. Akasema basi atawaita polisi, wao wana njia zao za kuuliza. Hapo fundi mmoja akasema, taratibu, kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kumsema mwenzake, kwamba sote tunajua nani kati yetu ana historia ya pombe na uzembe. Hakuna aliyemkatalia. Wale wote waliokuwa wakimwita ndugu yetu, Mama, hakuna.

Dereva akasimama. Akasema, "Ni mimi. Niliwasha jiko nikasahau."

Nitakwambia ukweli kwa kuwa ndio nilioukalia hapa kuuandika: kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa raha. Nilikuwa nimeingoja siku ile kuliko nilivyongoja harusi yangu. Wala sikuhitaji kufanya lolote, Mama. Nilitakiwa nifanye lile unaloniagiza kila barua, ninyamaze. Msimamizi angebaki msimamizi, watoto wangebaki shule ile ile, na yule mtu angerudi alikotoka. Kinywa changu kikifungwa, nyumba yangu ilikuwa salama.

Nikamwangalia mkweo. Alikuwa anasafisha kucha kwa kijiti. Anasafisha kidole kimoja tu, anarudia kile kile.

Kisha nikamwangalia Dereva, nikakuta ananiangalia mimi. Tangu aje hakuwahi kuthubutu. Hapo ndipo nilipoelewa. Yeye naye alimwona mkweo akiingia na sufuria. Hakumficha kwa kuwa anampenda. Alikuwa ananilipa. Aliona amepata nafasi ya kuniokolea mume kwa sababu alinichukulia ndugu, na akitoka pale na pingu, basi mimi na yeye tumemalizana. Damu ikanipanda kichwani, Mama. Bwana Kesho wangu alipwe kwa jiko la gundi!

Nikasema, "Huyu ni mwongo. Alikuwa bombani anaosha brashi tangu watu walipotoka kula mpaka moshi ulipoonekana. Hakuingia stoo."

Mama Mbao akauliza nina uhakika gani.

"Kwa sababu namchukia," nikamwambia. "Sikumwondolea macho hata mara moja."

Akauliza, kama si yeye ni nani. Nikamgeukia baba wa watoto wangu, nikamsubiri. Ningependa ujue kwamba nilimsubiri. Akaendelea na kijiti chake. Basi nikasema mimi: aliingia na sufuria ya gundi, akatoka na simu, akavuka geti. Hapo ndipo kijiti kilipomwanguka, naye akasema ni kweli, akakaa chini kwenye maranda akalia kama mtoto aliyechelewa kuchukuliwa shule. Mama Mbao hakumfukuza. Amemvua usimamizi, na karakana ikifunguliwa atarudi benchini kama fundi wa kawaida, kuyaunda upya mabenchi yale kwa mikono yake.

Tangu hapo mimi ndiye mbaya. Wenzangu wanasema mke hamwaniki mumewe mbele ya watu. Mchungaji wa huku amekuja nyumbani, akanywa soda yangu, akanieleza kwamba kuna namna ya kusema mambo. Aliyeungama uongo amesifiwa kwa unyenyekevu wake, na mpaka leo wanamsifu. Nimeutafuta ukweli kwenye zile sifa ulizoniandikia, Mama, nikadhani labda uko nyuma ya karatasi. Nyuma ulikuwa umeandika bei za mchele.

Sikumfukuza Dereva. Mama Mbao alitaka abaki. Aliondoka mwenyewe, akaja kuniaga nikiwa nafunga cherehani yangu kwa turubai. Akasimama upande wa pili wa dirisha, kofia mkononi. Akaniuliza, "Dada, maana yake umenisamehe?"

Nikamwambia, "Hapana. Ulikuwa bombani, nikasema ulikuwa bombani."

Nikamwambia tena kwamba asirudie kunilipa kwa uongo, kwamba kama ana chochote cha kunipa kwa ajili ya mdogo wangu, anipe kitu cha kweli au aende zake. Nilidhani ataenda. Akabaki amesimama, anaizungusha kofia. Ndipo akasema jambo ambalo limenifanya niandike barua hii badala ya kukuacha uendelee kuamini unavyoamini.

Unakumbuka mahakamani alisema breki zilikatika. Wakamfunga kwa kunywa pombe na kuendesha gari bovu. Na siku ile ya kanisani, wewe mwenyewe ulisema mbele ya watu kwamba humlaumu, kwamba si yeye, ni chuma. Nilikuwepo, nilikusikia.

Mama, kaa chini kama umesimama.

Alisema, "Breki zilikuwa nzima, dada. Nilimwona kwenye kioo. Alinyoosha mkono nisubiri. Nikaona ananichelewesha, nikasema atapisha."

Hakulia, na mimi sikulia. Nilimuuliza kama kuna mwingine anayejua, akasema hakuna, hata alipookoka hakusema, kwa sababu wewe ulishamkumbatia na aliogopa ukimwachia ataanguka. Nilimuuliza tena habari ya ule mkono, ulikuwa wa kulia au wa kushoto. Akasema wa kushoto. Ndugu yangu alitumia mkono wa kushoto, na hilo halikuandikwa popote. Kwa mara ya kwanza, mtu huyu akanena neno juu ya kifo kile nikaliamini.

Sasa unaona. Wewe hujamsamehe bado. Umesamehe breki. Mtu aliyemwona mwanao akinyoosha mkono hujawahi kukutana naye.

Sikumtuma kwako. Yeye mwenyewe alisema lazima akuambie kwa kinywa chake, nami nikamwambia hilo ndilo la maana la kwanza ninalolisikia kutoka kwake, ila asubiri barua hii ifike ili goti lisikuangushe mlangoni. Atakuja Jumapili baada ya ibada. Nimemkataza kuja kanisani. Atakuja nyumbani, mahali ambapo hakuna kwaya.

Sijui utafanya nini, na safari hii sikupangii. Ukimfukuza sitakucheka. Ukimpokea, usiniandikie nije kuiga. Mimi chuki yangu bado ninayo, nimeitazama asubuhi hii nikaikuta nzima. Sijui kama maisha yangu yanampendeza Mungu. Najua tu kwamba siku ile uwanjani, wote waliokuwa na zile sifa ulizonipangia walinyamaza.

Nisalimie shangazi, na mwambie kitambaa chake cha kochi kilinusurika, nitakituma na mjukuu wako likizo ikifika. Usipande ngazi kutafuta miwani, iko kwenye kabati la vyombo, unakoiacha siku zote. Jumapili weka maji ya chai mapema, kwa kuwa lolote utakaloamua, utahitaji kukaa. Mungu akulinde na akupe nguvu.

Ni mimi mwanao wa kwanza, asiye mpole.