Kamera ya Harusi Chini ya Maji

Shemeji Rukia, salamu nyingi toka Kendwa, na tafadhali keti kwanza. Ile kamera yako ya dijitali ya kupigia harusi, leo nimezama nayo baharini, ndani ya kasha la plastiki la kuazima. Mpira wa kuzibia maji niliupaka mafuta ya nazi mwenyewe, fundi mimi!

Chini kule mkunga, yule samaki kama nyoka, akatoa kichwa. Kila kitu huko ni buluu mpaka ukimulike kwa karibu, basi nikamsogezea taa, nikabonyeza. Mara vipovu vikaanza kutoka kwenye kasha! Nikataka kupanda mbio. Mwalimu wangu, Bi Zuhura, akanikamata mkono, akaniashiria: kupanda ni polepole, usije ukapasua mapafu. Nami naiona kazi yako ya harusi ya Ijumaa inaingia maji.

Botini Bi Zuhura akafungua kasha, akanusa mafuta yangu ya nazi kwenye mpira. "Bwana Hamadi, ulishuka kumpiga picha mkunga au kumkaanga?"

Maji yameishia kwenye kitambaa alichokuwa ametandika ndani ya kasha kabla hatujashuka. Kamera kavu, inawaka.

Alhamisi nakuletea kamera na karafuu. Nikisahau kimoja, inshallah iwe karafuu. Nibusie watoto.

Shemejio, Hamadi