Ufunguo wa Tatu

Nyumbani, mezani pa jikoni,
Jumatatu, tarehe 9, asubuhi.

Mdogo wangu mpendwa, Kasuku,

Pokea salamu nyingi, na nyingine za nyongeza juu yake. Hujambo? Shemeji hajambo? Hayo magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko? Vaa soksi mbili mbili, usione haya, kwa umri wetu hakuna tena anayetutazama miguu.

Sisi huku tu wazima. Wifi yako mguu wake wa kushoto umeanza kumtii. Jana alitoka kitandani hadi jikoni kwa fimbo peke yake, akanikuta naonja mchuzi kwa mwiko, akanigombeza vizuri kabisa. Nilifurahi. Akiweza kunigombeza, nusu ya ugonjwa imeondoka. Na mimi ni mzima. Neno hilo lisome mara mbili, ndilo lililonifanya nikamate kalamu.

Najua kwamba mwezi uliopita uliwapigia simu watu wangu mmoja mmoja. Najua na ulichowaambia: kaka amezeeka, mnyang'anyeni gari kabla hajaua mtu. Usikatae, wifi yako alipokupokea nilikuwa nyuma ya mlango. Sitagombana nawe kwenye karatasi. Nitakusimulia tu, polepole, ili kila mstari ukuchome kidogo.

Unamkumbuka mume wa binti yetu, yule tunayemwita Mheshimiwa kwa jinsi anavyokohoa kabla ya kusema. Nilipolazwa kufanyiwa upasuaji wa jicho, gari nilimwachia yeye siku tisa. Nilipotoka alinirudishia ufunguo kwa mikono miwili, mpaka nikaona aibu kwa yote niliyowahi kumfikiria.

Baada ya hapo ndipo mambo yakaanza. Wajua mchana nikishakula nalala, saa nane mpaka saa kumi. Sasa nikiamka, nikiingia kwenye gari, nakuta kiti kimesukumwa nyuma, miguu inaning'inia kama ya mtoto kwenye benchi. Kioo kinatazama dari. Redio niliyoiacha kwenye taarifa ya habari inapiga muziki wa vijana. Mafuta yalikuwa nusu tangi, yamebaki robo. Nikiuliza naambiwa, baba, si uliendesha mwenyewe? Nikawa najibu, labda. Ukishasema labda mara tatu, watu wanaanza kukusemesha kwa sauti ya juu kama kiziwi.

Na rimoti ya gari nayo ikachagua wakati huo huo kuharibika. Siku moja tumetoka kwenye mazoezi ya mguu wa wifi yako, tuko kwenye maegesho ya hospitali. Nabonyeza, gari kimya. Nabonyeza kwa gumba, kwa vidole viwili, karibu niing'ate. Mheshimiwa, aliyekuja eti kutusaidia, akakohoa mbele ya manesi: "Baba, hicho ni kitufe cha kufunga." Hakikuwa cha kufunga! Lakini manesi walicheka, na wifi yako akainamisha kichwa.

Tangu siku hiyo wifi yako, akijishikilia ukutani, akawa anapita nyuma yangu kuzima jiko nililokwisha kulizima. Kikao cha familia kikapangwa Jumapili: gari lichukuliwe na Mheshimiwa, alitunze. Ndiyo, yeye mwenyewe alijitolea.

Kasuku, nikwambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilianza kujiandika kiganjani kwa kalamu: leo sikuendesha. Nikiamka nasoma kiganja, naangalia mafuta, kisha nakitilia shaka kiganja changu mwenyewe. Kuiba gari ningemsamehe. Yule mtu alinifanya nijiogope.

Siku nne kabla ya kikao nikaenda kwa fundi wa funguo, mwanamama mwenye kibanda nyuma ya duka la matairi, ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Kwenye simu alinisisitizia nije na funguo zote za gari, maana akiweka rimoti mpya, ufunguo usiokuwepo gari linaweza kuukataa. Nikabeba wangu, na ule wa akiba unaokaa kwenye mtoto wa meza ya cherehani ya wifi yako.

Akaupasua wangu kwa bisibisi. Betri nzima, ila kile kibati cha chini ya kitufe kimekatika, na kuna ukoko wa sabuni; kumbe niliufua pamoja na suruali. Akauchomelea, akaupulizia, ukakubali mara moja, ukagoma tena. Akaniambia, "Mzee, huyu tumzike." Nikamwambia anitafutie mwingine.

Akachomeka mashine yake chini ya usukani. Akaitazama, akanitazama.

"Mzee, wa tatu uko wapi?"

"Wa tatu upi?"

"Gari lako linatambua funguo tatu. Hapa umeniletea mbili."

Nikamwuliza kama hiyo mashine nayo inazeeka. "Haizeeki, mzee. Inahesabu tu." Mdogo wangu, nilitaka kumbusu mama wa watu, na miwani zake zote mbili.

Akauliza aufute huo wa tatu. Nikasema ngoja kwanza, kufuta ndiyo kufanyaje? Akanieleza kwamba ufunguo una kazi mbili. Vitufe vinafungua milango, na kuna kidude kidogo ndani ndicho kinachoiruhusu injini iwake. Kila kimoja hufutwa peke yake. Hapo hiki kichwa mlichosema kimechoka kikafanya kazi papo hapo. Nikasema, "Injini mfutie. Milango mwachie." Akanitazama juu ya miwani. "Mzee, wewe ni mbaya." Nikamjibu kwamba bado hajaniona.

Kesho yake nikamwita mwanangu mkubwa, binti yetu, na jirani yetu mwalimu mstaafu aliyeteuliwa mwenyekiti wa kikao. Nikawaambia wapitie mlango wa nyuma, wakae na wifi yako sebuleni, wasiongee. Mimi nikaenda kukoroma. Nilikoroma kwa ufundi, dada, mpaka nikajisikia usingizi kweli.

Saa nane na dakika ishirini, gari likalia ti-ti. Nikanyanyuka, nikasimama nao nyuma ya pazia. Mheshimiwa huyo, shati jeupe na tai. Akasukuma kiti nyuma. Akageuza kioo. Akawasha. Gari likakohoa kama yeye, likanyamaza. Akawasha tena, na tena. Binti yetu akasema taratibu, "Huyo si baba watoto?"

Alipotaka kushuka, nikabonyeza rimoti yangu mpya, milango ikajifunga. Akafungua, nikafunga. Akafungua, nikafunga. Mwalimu akaninong'oneza kwamba inatosha. Nikamwambia niache, si mlisema sijui vitufe? Nikabonyeza kile chekundu. Weee! Honi, taa, majirani wote nje, hata yule wa ghorofani ambaye hatoki hata nyumba ikiungua. Mheshimiwa akashuka amenyanyua mikono kama mwizi, na kwa mara ya kwanza hakukosea.

Nikatoka na kandambili zangu.

"Nilikuwa naipasha moto injini, baba, isije ikalala."

"Kwa ufunguo upi, mwanangu?"

Akakohoa. Akakohoa tena, akalegeza tai.

Yote yalitoka kwenye kikao. Ufunguo aliuchongesha nilipokuwa nimefungwa jicho, na mchana alikuwa anaenda na gari langu kwenye mikutano yake, watu wamwone. Mwanangu alitaka polisi. Nikakataa. Polisi wangekaa naye siku mbili. Mimi nataka kukaa naye muda mrefu. Ule ufunguo wake nimemwachia, unafungua milango tu. Kila siku ya mazoezi anakuja saa tatu, anamfungulia mama mkwe wake mlango, anabeba fimbo na mkoba, anakaa kiti cha nyuma. Naendesha mimi, polepole, nikipitia mbele ya ofisi yao. Si njia ya hospitali, lakini mafuta ni yangu.

Wifi yako hakuniomba radhi kwa mdomo. Siku ile ile alichukua sabuni na brashi ya kucha, akanishika mkono, akanisugua kiganja mpaka wino wote ukatoka. Kumbe alikuwa ameuona.

Umebaki wewe. Umenipigia mara nane, sijapokea, na nilikuwa naitazama simu ikilia. Adhabu yako ni hii: wapigie wote wanne, mwanangu, binti yetu, mwalimu na wifi yako, kwa sauti ile ile na kwa urefu ule ule, uwaambie kaka yako ana akili zake. Nimeshawaagiza wakungoje. Mwalimu atakusahihisha. Ukimaliza, nipigie mimi. Samahani yako siitaki. Niulize swali lolote, hata nimekula nini, halafu uliamini jibu langu.

Msalimie shemeji, na wapwa wangu, na yule binti yako anayejifanya amesahau lugha yetu. Huku wote wanakusalimu. Mheshimiwa naye anakusalimu, yuko hapo nje na mkoba wa wifi yako begani, leo ni siku ya mazoezi.

Mungu akulinde, akuponye magoti, akupe usingizi mtamu, ila wiki hii akucheleweshee kidogo.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimekununia.