Kopo la Kabeya Kisimani

Jumatatu, 1 Machi 1993
Ndoo mbili za maji, kama kila asubuhi. Nimechemsha chai. Imetoka nyeusi kama wino, na majani ni kijiko kimoja tu. Nimemwaga. Siku ya nne hii.

Ngoie ametapika tena. Ana miaka mitatu na mbavu zinahesabika. Mama yake, mke wangu Numbi, anasema ni minyoo. Mimi nasema ni kisima.

Kazini nimetia sahihi na kurudi. Tangu mgodi uporomoke hakuna kazi ya pampu. Miaka kumi na tisa nimevuta maji chini ya ardhi. Sasa pampu zenyewe zimezama, na mimi nashinda nyumbani kama mgeni.

Jumatano, 3 Machi
Nimemwona Kabeya kisimani alfajiri. Ana kopo la maziwa mkononi. Akachota unga mweupe, akaumwaga ndani, akachungulia, akaenda zake. Hakuniona. Nilikuwa chooni, mlango una tundu.

Kabeya ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Kisima tulikichimba pamoja mabomba ya mji yalipokauka. Amezaliwa hapa Kolwezi, lakini baba yake alitoka Kasai, na siku hizi hilo linatosha mtu kuitwa mgeni. Mjini wanasema Wakasai wataondoka wote, na hawatatuachia kitu kizima. Nilikuwa nayacheka maneno hayo. Leo sikucheka.

Alhamisi, 4 Machi
Sikumsalimu Kabeya. Aliniambia kwa heshima, "Jambo, tata Ilunga." Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Jumamosi, 6 Machi
Tena kopo, tena alfajiri. Sasa nachungulia kila siku.

Ngoie amekula bukari, tonge moja, na haikurudi. Nadhani Kabeya amepunguza sumu kwa sababu ameshtuka kwamba naangalia.

Mke wake, Mama Mbuyi, anachota kwenye kisima hicho hicho na watoto wao wanakunywa. Hilo limenisumbua mpaka mchana. Kisha nikajiambia wana dawa ya kujikinga, wameificha ndani.

Jioni Kabeya akanifuata mlangoni. "Tata, hii mayi iko mubaya. Inapanda toka kule chini. Mi naitengeneza, ungoje kidogo."

Ati kule chini. Yeye ni mtu wa kiwandani, wanakosafisha madini. Hajawahi kushuka hata siku moja, na ananifundisha mimi maji ya mgodi. Nimesema ndiyo, nikafunga mlango.

Jumapili, 7 Machi
Baada ya misa nimekwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Nimemwambia nilichoona: alfajiri, kopo, unga mweupe. Sikuongeza chumvi. Yeye naye hakuuliza kitu. Alinishukuru mara mbili, na ile ya pili sikuipenda.

Jumanne, 9 Machi
Wamekuja. Vijana wenye fimbo, wanaimba "bilulu, bilulu". Wadudu, ndivyo wanavyowaita. Mama Mbuyi ametoka na sufuria ya maharagwe bado ina moshi. Kabeya ametoka na godoro kichwani. Nusu saa tu, nyumba ikawa tupu. Wamepelekwa stesheni kungoja treni ya Kasai pamoja na wenzao.

Alipopita kisimani Kabeya aliweka kopo ukingoni, taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima. Nimelichukua. Ni ushahidi.

Nimeona raha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 12 Machi
Ngoie ametapika mara tano. Kabeya hayupo, na Ngoie anatapika. Numbi ananitazama. Labda sumu imebaki chini. Labda wamemtuma mtu mwingine. Nimekaa chooni alfajiri yote, hakuja mtu.

Jumatatu, 15 Machi
Juzi kamba ilikatika, ndoo ikazama. Nilifunga kulabu ya chuma kwenye kamba nyingine ili niivue. Kulabu ikanasa kwenye mawe, nikaiacha. Leo imenasuka. Imetoka nyekundu.

Mama Feza wa ng'ambo ya njia akaona. Akasema ni damu, Mkasai ametuachia uchawi. Watu wakajaa. Mimi nikaisugua kwa kidole gumba. Si damu. Ni shaba.

Kule chini tulikuwa tunaacha koleo bovu kwenye mfereji, kwa mchezo tu. Baada ya siku chache linavaa shaba. Maji yaliyokula mwamba yanakuwa makali, yanabeba shaba ndani yake, yakikuta chuma yanaiacha pale. Wafanyakazi wapya tuliwatisha kwamba mgodi unatoka damu. Mimi ndiye niliyekuwa nawatisha.

Pampu zimesimama. Mgodi umejaa. Maji yale yamepanda na kutufikia kisimani. Kabeya alinieleza mlangoni kwangu, kwa maneno machache, na mimi ndiye mtu wa pampu.

Nimelifungua kopo, nikaonja kwa ncha ya ulimi. Chokaa. Kiwandani kazi yake ilikuwa pipa la chokaa, la kuua ukali wa maji kabla hayajaachiwa mtoni. Siku alizomwaga ndizo siku alizokula Ngoie.

Mbele ya watu sikusema kitu. Niliogopa wataniita mtu wa Wakasai. Najichukia.

Jumanne, 16 Machi
Nimekwenda stesheni. Watu wamelala chini ya plastiki, mvua imewanyeshea. Treni inayopitia Tenke haijafika. Numbi alinipa unga na chumvi, Mama Mbuyi akapokea kwa mikono miwili. Afadhali angenitukana.

Kabeya hakuuliza nani alisema. Aliuliza habari ya Ngoie. Nikasema anatapika. Akasema, "Kikombe moya, kila posho. Usikoroge. Ungoje siku moya, kisha bachote."

Kikombe kimoja cha chokaa kila wiki. Nimeitikia.

Njia nzima nilikuwa nimepanga la kumwambia. Nilipofika nikatoa jingine. Nikasema nyumba yake naiangalia. Uongo. Kijana mmoja wa wale wenye fimbo analala humo tangu Jumatano.

Jumamosi, 20 Machi
Treni yao imeondoka jana.

Alfajiri nimemwaga kikombe kimoja. Sikukoroga. Maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Nimechungulia ndani muda mrefu.

Nilipoinua kichwa, dirisha la Mama Feza lilikuwa wazi kidogo. Nikasema, "Jambo." Dirisha likafungwa.

Kopo limebaki nusu. Nimeliingiza ndani, nimelificha nyuma ya gunia la makaa. Ngoie amelala. Chai tutachemsha kesho.