Salamu ya Shemasi

Jumapili, Mlali

Basi mwanangu Anselmi kapewa ushemasi leo, na mimi nimejiaibisha.

Wiki nzima, hata tukilima shamba la kijiji, katekista ananiambia, "Mama, sasa utamsalimia Tumsifu Yesu Kristo. Si mtoto wako tena yule." Neno hilo limeninyima raha. Ni mtoto wa nani basi?

Leo Anselmi alipolala kifudifudi mbele ya altare nililia. Misa ilipokwisha akanijia na kanzu yake mpya. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Shikamoo, mama."

Nami, ile Tumsifu ya katekista ikiwa bado kichwani, nikajibu, "Milele na milele, amina!"

Watu walicheka, hata Baba Askofu. Anselmi akainama, akaninong'oneza, "Mama, siondoki hapa mpaka uniitikie."

Marahaba, mwanangu. Nilisema mara tatu, na hapa peke yangu bado naitikia.