Hodi Iliyomfuata Shosh Kimumu

Selpha uko? We soma tu.

Unajua nyanya yangu, shosh Warigia, alienda kisiwa fulani huko Pwani 1984, na walimu wenzake. Mwenye nyumba akawaambia wageni: maji ya kisima ni ya chumvi, punda hapishi mtu, na hodi isiyotaja jina usiijibu.

Shosh akajibu. Siku hiyohiyo. Enzi za chama kimoja, huku kwetu ukichelewa kufungua polisi walisema unaficha kitu. "Karibu" ikamtoka kabla hajafikiria. Akafungua, hakuna mtu. Akacheka, akarudi Eldoret.

Sasa saa hii, hapa Eldoret mtaani Kimumu, ninakoishi na shosh, nimesikia "hodi." Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Pwani kabisa. Nikauliza nani. Nikafungua mlango, nje hakuna mtu, ni mvua tu.

Hodi tena.

Selpha, shosh hata hakuinua kichwa. Alikuwa anachagua maharagwe. Akaniambia polepole, "Unafungua mlango wa nje ya nini? Huyo nilimkaribisha kitambo. Anabisha kutoka chumbani kwako."