Kiraka cha Maua ya Buluu

Ndugu yangu, uko hapo? Nimeumbuka.

Unalijua lile blanketi la viraka ninaloshona kwa magauni ya marehemu mke wangu, safu moja kila Jumamosi. Leo shemeji, mdogo wake, kaja kuliona. Nikamwonyesha kiraka cha maua ya buluu ninacholazia shavu. Nikamwambia, "Hapa harufu ya dada yako haijatoka."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, hilo ni gauni langu! Nilimwazima, hakulivaa hata mara moja."

Gauni lake! Miezi yote hii nalalia gauni la shemeji!

Nikamuuliza, "Basi nikifumue?"

"Ukikifumua, utanivalisha kiraka?"

Ameondoka.

Nimekinusa tena sasa hivi. Bado ni harufu ya mke wangu.

Jumamosi nashona safu nyingine.