Intaneti ya Mama

Gahanga, 3 Februari 2024

Mdogo wangu Révérien,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua. Je, baridi ya Lyon imepungua? Mama anakusalimu, ila macho yake si mazuri. Daktari wa hospitali ya Muhima anasema presha ya macho haitibiki, upofu unacheleweshwa tu.

Ndiyo maana nakuandikia. Tangu masikio yalipomfia kule Bujumbura tumezoea kusema naye uso kwa uso, asome midomo. Kwenye kasimu kangu mdomo wako ni kama punje ya mchele, haambulii kitu. Nataka tuunganishe televisheni na intaneti, akuone mkubwa. Jirani yetu Rugamba, fundi wa mitandao, anasema kuna njia mbili: intaneti ya waya wa simu, ambao mwenye nyumba wa kwanza aliuacha ukutani, au kebo, ambayo ina kasi lakini inangoja barabara ichimbwe. Ukisaini moja umefungwa nayo mwaka mzima. Mimi nasema waya.

Dada yako,
Kanyange

Lyon, 11 Februari 2024

Dada Kanyange,

Natumaini hamjambo wote. Mimi nipo, bado naosha vyombo hotelini. Wewe na haraka zako, hata maharage ulikuwa unayaepua magumu. Nimesoma sana habari za waya wa simu. Picha itakwama, mdomo utaganda katikati ya neno. Mama atasoma nini hapo?

Karatasi zangu za ukimbizi bado ziko kwa wakili. Nikitoka huku kabla ya kuzipata sitaruhusiwa kurudi, kwa hiyo huko siwezi kukanyaga. Hiyo televisheni ndiyo safari yangu. Nina mengi ya kumwambia, sitaki yafike vipande vipande. Tusubiri kebo.

Mdogo wako,
Révérien

Gahanga, 2 Juni 2024

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Huku barabara haijaguswa. Jana mama alinimiminia chai mezani badala ya kikombeni, akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nisaini waya? Nakuuliza kwa mara ya mwisho.

Dada yako

Lyon, 9 Juni 2024

Dada,

Pole sana. Umeniliza. Lakini tumeshasubiri, tukisaini waya sasa tutafungwa na picha mbovu mwaka mzima. Mwambie mama aache kushona, ayapumzishe macho. Vumilia kidogo.

Mdogo wako

Gahanga, 23 Agosti 2024

Révérien,

Sijui kama u mzima, tangu Jumapili hupokei simu wala hujibu.

Kebo waliyotuunganishia wiki iliyopita ni nzuri, ulisema kweli. Niliona hadi pale ulipojikata ukinyoa. Mama alikaa mbele ya televisheni na kitenge chake cha kanisani, akaniuliza kama wameshawasha. Hapo ndipo ulipozima picha. Sikulaumu.

Hukuona yaliyofuata. Niliushika mkono wake nikauweka mdomoni mwangu, nikasema polepole: Révérien anakusalimu. Akapapasa, akasema, "Huyu ni Kanyange. Révérien yuko wapi?" Akauondoa mkono.

Sasa hakuna njia ya kumwambia kitu. Hasikii, haoni, na mdomo wangu hauamini. Kila jioni anakaa palepale, anadhani hujafika. Jana niliutafuta mkono wake tena, akaukunja.

Nakuomba uwashe, hata kama nitakuona mimi peke yangu. Humu ndani sina mtu mwingine wa kusema naye.

Dada yako,
Kanyange